Somo Yangu, Si Somo Langu

Ukitaka kugombana na mimi usisumbuke kutafuta sababu, mseme tu vibaya Somo yangu. Nimeshammwagia mtu maji kwa ajili yake pale stendi ya Kibiti, na mtu mwenyewe alikuwa mteja, anasubiri mihogo yangu ya kukaanga. Kasema, "Yule bibi wa Mchukwi si ndiyo kaachika mara tatu, halafu anafundisha watoto wa watu mambo ya ndoa?" Hakumaliza. Nilimmwagia maji ya kunawia, beseni zima.

Jioni nikaenda kumhadithia Somo mwenyewe, nikitegemea anipongeze. Akanitazama.

"Kwani kasema uongo? Nimeachika mara tatu. Wewe ulitaka ufundishwe na nani, asiyejua ndoa inavunjikia wapi?"

Nikachukua vikombe vyake nikaenda kuviosha. Na mie kuosha vikombe bila kutumwa ni habari ya kutangaziwa mtaa mzima.

Kwa msomaji wa mbali niseme kidogo. Huku kwetu msichana akikua anakabidhiwa kwa mwanamke mmoja ambaye si mama yake wala shangazi yake. Anawekwa ndani, anafundishwa, halafu siku ikifika anatolewa nje kwa ngoma, mbele ya watu, kapakwa na kupambwa. Ya ndani hayasemwi na mimi sitayasema hapa. Ila yule mwanamke ndiyo anakuwa somo yako, na haishii siku ile ya ngoma. Ukiolewa, ukifiwa, ukigombana na mamako, wa kukimbilia ni yeye. Humwiti kwa jina, naye hakuiti kwa jina. Mnaitana Somo, wote wawili. Na ni somo yangu, jamani, siyo somo langu. Somo langu ni hesabu, ni jiografia. Ukikosea hapo umemgeuza mtu kuwa kitabu. Mshike hili, maana kuna siku liliniponza mbele ya wakubwa.

Sasa huyu Somo yangu alikuwa mtu wa namna gani? Mwembamba, mrefu, kanga mbili kila siku, na sauti ambayo Mungu alikuwa amemwandalia mtu mwingine mnene zaidi. Akitufundisha sisi wasichana alikuwa anasema mwanamke acheke kwa adabu, meno yasionekane yote. Halafu usikie anavyocheka yeye. Kuku wa jirani walikuwa wanahama. Alitufundisha subira, anaweza kukaa na wewe asubuhi nzima juu ya neno subira, lakini chai hakuweza kuisubiri ipoe. Kila siku ya Mungu aliungua ulimi, kila siku alishangaa, akaitukana chai kama vile chai ndiyo imemvamia.

Mpira je? Redio ikitangaza mpira usimsemeshe habari ya ndoa wala msiba. Niliwahi kufika kwake nalia, nalia kwelikweli, akaninyooshea kidole nisubiri. Kona inapigwa. Nikasubiri nikiwa nalia mpaka ile kona ikapigwa, ikatoka nje, ndiyo akaniuliza nimefanywa nini. Na simu alikuwa haagi. Ukiongea naye, akishapata alichotaka kusikia, anakata. Unabaki unasema "haloo" na hewa.

Lakini akikusikiliza, anakusikiliza. Hilo ndilo nililolifuata miaka yote ile niliyokuwa sijui nafanya nini na maisha yangu.

Maana nilihangaika. Nilimaliza fomfoo na matokeo ya kuyaficha. Wenzangu wakaolewa, wengine wakaenda Dar, wengine wakarudi kidato cha tano wanatembea na begi kama mawaziri. Mie nikaingia saluni Kibiti kusuka nywele, mikono yangu ina kasi, wateja wakanipenda. Siku moja mteja akamtukana mwenzangu kwa kuwa anachechemea, nikamwacha yule mteja kasukwa nusu kichwa, nikamwambia nusu nyingine akamalizie huko anakojifunzia matusi. Nikafukuzwa. Nikaingia kibanda cha kutuma hela kwa simu. Tajiri wangu akamcheka mzee mmoja asiyejua kusoma meseji, akamwigiza anavyoikodolea macho simu. Nikasema niliyoyasema. Nikafukuzwa. Nikajiajiri, mihogo ya kukaanga stendi, nikasema sasa hapa nani atanifukuza, na ndiyo yakaja yale ya beseni. Wateja wakahamia kwa jirani yangu, ambaye mihogo yake ina mafuta kama kibatari.

Nyumbani nikaitwa Mdomo. Kaka yangu, anayeishi Mbagala, akipiga simu anaanza, "Mdomo hajambo? Wiki hii kafukuzwa wapi?" Nilikuwa nacheka kwenye simu, nikikata najifungia chumbani. Ukweli nilikuwa naogopa. Unaamka asubuhi una nguvu za kuhamisha kilima, hujui kilima kipo wapi.

Mama ndiye aliyesikia habari ya chuo cha ufundi. Wanaita watu kwenye usaili, ukipita unasoma. Nikashona sketi, nikaazima viatu, nikaenda. Niko mlangoni, jina langu ni la pili kuitwa, simu inaita. Somo.

"Umekula?"

"Nimekula, Somo."

"Ukiingia usiwatazame chini kama umeiba." Akakata.

Nikaingia na sauti yake bado iko sikioni. Mezani wamekaa watatu, wa katikati baba mmoja mwenye miwani, mpole kabisa, sina ubaya naye. Akaniuliza, "Haya binti, hebu tuambie. Somo lako lipi hasa? Lile unalolipenda kuliko yote?"

Wallahi nilichosikia mie ni Somo yangu anaitwa lile. Lipi. Lile. Kama dude, kama li-mtu fulani lililosimama barabarani. Damu ikanipanda.

"Samahani baba, shikamoo yako nimeshakupa," nikamwambia. "Somo yangu si lile. Ni mtu mzima, ana heshima zake, na yuko Mchukwi."

Yule mama wa pembeni akaangalia karatasi yake. Baba mwenye miwani akasema taratibu, "Mchukwi?"

"Mchukwi, karibu na hospitali. Muulize yeyote."

Ndipo yule kijana wa tatu akaelewa, mtu wa huku huku bila shaka, akaanza kucheka, akajaribu kuwaeleza wenzake huku anafuta machozi, nao wakaanza. Hawakunicheka vibaya, leo naliona hilo. Siku ile sikuliona. Nilivua viatu vya kuazima pale pale, nikavishika mkononi, nikatoka peku mpaka barabarani.

Nilifika Mchukwi nimevimba. Nikamweleza Somo yote, nikitegemea hapa sasa atakasirika pamoja na mimi. Akacheka mpaka akakaa chini. Mie nimesimama nimekunja uso, yeye yuko chini kwenye mkeka anapigapiga mapaja.

"Yuko Mchukwi," anarudia. "Muulize yeyote. Eeh, Somo, utaniua."

"Basi mie naondoka."

"Kaa."

Nikakaa. Akajifuta macho na upindo wa kanga, na akaanza kunihoji mambo ya zamani. Yule wa saluni uligombana naye kwa nini? Nikamwambia. Yule wa kibanda? Nikamwambia. Na wa mihogo? Kwani si kwa ajili yako wewe, nikamwambia.

"Umeona?" akasema. "Mama yako analia kwamba mwanangu hakai kazini. Mie naona kila ukifukuzwa kuna mtu nyuma yake. Hujawahi kugombana kwa ajili ya tumbo lako hata siku moja. Leo watu wazima wanakuuliza unapenda nini, wewe unawatajia mtu. Umejibu sawa. Hao walitaka wa kupenda nyaya na mbao. Wewe unapenda watu."

"Kupenda watu ni kazi, Somo?"

"Sijui. Mie ndiyo imenilisha. Sasa kajitazame. Watu gani, na wako wapi."

Nikamwambia hilo ni swali, si jibu. Akasema jibu angekuwa nalo angeniuzia ghali. Ndivyo alivyokuwa. Ukienda kwake na mzigo anakupunguzia kidogo, kilichobaki anakirudisha kichwani kwako na kukusukuma nje.

Haukupita muda akaitwa Salale. Kuna mwali anatolewa, na kule delta, mto unapoingia baharini, walikuwa wanamwamini yeye kuliko makungwi wao. Akanichukua nimbebee vyombo. Tukapanda boti la faiba pale Nyamisati, tukapita mito ile inayojigawa na kujigawa tena katikati ya mikoko, kila kona inafanana na mwenzie, na nahodha anaendesha mkono mmoja, mwingine ana muwa anatafuna. Mie sijawahi kunyamaza njia nzima popote. Siku ile nilinyamaza. Nilikuwa namtazama nahodha anaijuaje njia.

Ngoma ikapigwa, mwali akatolewa, nitaruka hayo. Asubuhi ya kurudi ndiyo ninayoitaka.

Tumeshajipanga botini, maji yanaanza kupwa, nahodha kawasha mashine. Tukamwona kule juu ya matope dada mmoja mjamzito, tumbo liko mbele, anakuja anapita juu ya vipande vya mbao vilivyotandikwa, taratibu, anashika kila mti. Anakwenda Mchukwi hospitali kusubiria siku zake. Mamake yuko nyuma na kapu.

Nahodha akasema, "Atapanda la kesho."

"Kesho lipo?" nikauliza.

"Likijaaliwa."

"Basi leo lipo. Msubiri."

"Dada, maji hayasubiri. Nikikaa hapa tutakwama wote na huyo mjamzito akiwemo. Kaa chini."

Sikukaa. Niliyoyasema siyakumbuki yote, nayakumbuka matatu na hayaandikiki. Botini wengine wananizomea, wana kambamiti kwenye barafu, wanataka kuwahi. Somo yangu yuko mbele kakaa juu ya vyombo, hasemi kitu, anatafuna ubuyu. Mwisho nikashuka, matope mpaka magotini, nikaenda nikamshika yule dada mkono, mamake nikampokea kapu, tukafika. Nahodha akawa amesubiri. Kwa hasira, lakini kasubiri.

Tulipoondoka maji kweli yalikuwa yameshuka. Mbele kwenye kijito cha mkato nahodha akazima mashine, akainuka, akanionyesha mahali pake kwa mkono kama mwenye nyumba anayemkaribisha mgeni.

"Haya. Si umechelewesha wewe? Shika wewe utupitishe. Mdomo wako una nguvu kuliko mashine yangu."

Watu wakacheka. Alikuwa anatania, kila mtu alijua anatania. Mie nikaenda nikakaa.

"We binti, ondoka hapo."

"Umesema nishike."

Nikaivuta kamba kama nilivyomwona anavuta, mashine ikaitika. Jamani. Ile mitetemo inakupanda mkononi, inaingia begani, boti zima na watu wake liko kwenye kiganja chako. Nilikwenda vizuri, nasema kweli, nilikwenda vizuri mpaka kwenye kona. Nilisukuma mkono wa mashine upande ninaotaka kwenda. Kumbe mkono ule unasukumwa kinyume. Tukaingia tope, tukapanda kabisa, mikoko ikatuingilia botini, mama mmoja kaa kamwangukia mapajani.

Boti zima likanizomea na kunicheka kwa pamoja. Nikachukua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, nikashuka, tope mapajani, nasukuma. Nahodha kakaa kule nyuma anamenya muwa. "Sukuma, nahodha, sukuma." Yule mjamzito naye anacheka, kashika tumbo, anasema, "Dada usinichekeshe nitazaa humu." Nikamuuliza nahodha, "Kwa nini limekwenda kule na mimi nimelielekeza huku?" Akaacha kumenya. Akanieleza. Nikamuuliza, "Na umejuaje kama hapa katikati pana kina?" Akanionyesha maji yanavyokimbia penye tope karibu, vijiwimbi vidogo vya haraka, na yanavyotulia penye kina. Nikauliza tena. Tulipojinasua nikamwomba nishike tena, akakataa, nikamwomba tena, akanipa kipande kilichonyooka huku mkono wake uko juu ya wangu.

Tulipofika gati la Nyamisati nimelowa, nanuka tope la mikoko, kiatu kimoja kimebaki kule mpaka leo. Yule dada tukampakia bajaji, akajifungua salama Mchukwi siku chache baadaye. Mie nikamgeukia Somo, nikaanza kumweleza habari ya vijiwimbi.

Akanikatiza. "Umechekwa."

"Eeh?"

"Umechekwa na boti zima. Kule kwa wale wa chuo walikucheka watatu ukavua viatu. Leo wamekucheka watu na kaa wao, ukauliza maswali." Akanitazama vile anavyosikiliza redio. "Toka nimekuweka ndani sijapata kukuona unachekwa ukabaki."

Halafu akaenda zake kutafuta chai.

Baada ya hapo mie nikawa mtu wa gati. Mihogo nilihamishia kule, ila mihogo ilikuwa kisingizio. Nilishusha mizigo, nikachota maji yaliyoingia botini, nikatazama mashine zikifunguliwa, usiku natazama video za kufungua mashine kwenye simu mpaka bando linakatika katikati ya skrubu. Hakuna aliyenikalisha akanifundisha. Niligombana na nahodha kila wiki na kila wiki akaniongezea kipande cha mto. Wanawake wa Salale wakaanza kuuliza, yule dada wa mdomo leo yupo? Wakijua nipo, boti haliondoki likamwacha mtu aliyeshika tumbo au aliyebeba mtoto wa homa. Mwisho mwenye boti akaniita. Anataka kuweka boti la pili, dogo, la Salale na vijiji vya jirani. Akasema anataka nilishike mimi, nifikirie, nimjibu.

Na wiki hiyo hiyo kaka akapiga kutoka Mbagala. Safari hii hakuanza na utani. Kanipatia kazi ya dukani. Duka la vifaa vya simu, kwa rafiki yake, feni juu, kiti, mshahara kila mwisho wa mwezi, chumba nitakaa kwake. "Nimekuombea kwa magoti," akasema. "Ijumaa nataka jibu, nafasi wanaitaka wengi." Mama akalia kwa furaha. Baba akasema boti ni mambo ya wanaume na maji yana wenyewe. Nikawa silali. Kaka yangu si mtu mbaya, na mie mtu akinipenda sijui kumkatalia. Na mwanamke kushika boti delta sijawahi kumwona hata mmoja. Je ikiwa tena nitafukuzwa, na safari hii nimeshakata njia ya Mbagala?

Ijumaa asubuhi nikapanda bodaboda, nikaenda Mchukwi.

Nikamkuta uani na guta la kubebea mizigo. Vyombo vimepangwa juu yake, mafiga, kitanda kimelazwa. Anahamia Ngarambe kwa mwanawe wa kike, kazaa mapacha. Nilijua atahama, sikujua ni siku ile. Hakuniambia kwenye simu, maana alikata kabla hajafika hapo.

"Somo, nimekuja nataka rukhsa yako."

"Ya kwenda wapi?" Anavuta godoro, hanitazami.

"Ndiyo nakuuliza wewe. Ukisema Mbagala, nakwenda Mbagala. Ukisema Salale, nakwenda Salale. Mie sisemi neno."

Akasimama wima. Miaka yote ile nilimwona amekasirikia chai, kuku, refa, waume wa watu. Mimi sikuwahi kumwona amenikasirikia.

"Nilikuweka ndani," akasema. "Nikakutoa. Watu wamekuona, ngoma imelia, mama yako kafurahi. Leo unarudi unataka nikuweke ndani tena?"

"Si hivyo, Somo."

"Ni hivyo hivyo. Mtu akishatolewa hatolewi tena. Kwangu mie kuomba kumekwisha, mwanangu, kumekwisha zamani, nikakuacha uendelee kwa kuwa nakupenda na mie napenda kuombwa. Sasa naondoka. Kumebaki kuaga tu. Ukitaka kuaga, aga. Ukitaka kuomba, nimeshahama."

Simu yangu ikaita. Kaka. Nikaitazama inaita mpaka ikakata. Ikaita tena. Yule dereva wa guta anatutazama, kaacha hata kufunga vyombo.

Sijui niliwaza nini. Nadhani sikuwaza. Niliiona tu kona ile, na yule dada ameshika tumbo anacheka, na kitu kikanipanda kutoka miguuni, mitetemo ile ile ya mashine ikiitika.

"Somo."

"Naam."

"Nimekuja kuaga."

"Unaelekea wapi?"

"Salale."

Hakucheka, hakunikumbatia. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeulizwa kama chumvi imetosha. Nikampigia kaka mbele yake, nikamwambia kaka yangu nakupenda, nashukuru, siji. Akaanza kusema, nikamsikiliza mpaka mwisho, sikupandisha sauti. Nilipomaliza nikageuka, nikamkuta Somo yangu upande wa pili wa guta, kanirushia ncha ya kamba juu ya godoro.

"Vuta," akasema. "Vuta kwa nguvu, njia ya Ngarambe mbaya."

Nikavuta.